Vishikio Viwili

Uweso alijifuta grisi, akawaonyesha watu wa tanuri la mikate pale Ngamiani mashine yake mpya ya kupasulia kuni. Mota aliitoa kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa. Vishikio alivibuni mwenyewe.

"Haiendi mpaka uvibane vyote viwili kwa pamoja," alisema. "Ukiachia kimoja tu, shoka linasimama. Hii haitamkata mtu."

Mwenye tanuri akafurahi, akamwita mpasuaji wake wa siku zote, yule aliyeendesha mashine ya kwanza ya Uweso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

Mzee akasimama mbele ya gogo la mkorosho, akakamata kishikio cha kushoto. Kisha akabaki vile vile. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umefungwa fundo kwenye kiwiko.

"Na hiki, fundi, nikibane na nini?" aliuliza kwa upole.

Miaka miwili Uweso alikuwa akiuwaza ule mkono uliokatwa na mashine yake. Lakini yule mwenye mkono, Uweso hakuwahi kumwaza.

Akainama, akaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.