Korongo Wawili na Kapu la Panya

“Una tope mdomoni, rubani,” Korongo Jike alimtania mumewe. Kisha wakainua kapu lililobeba panya, kuwavusha ziwa warudi kwao. Mume aliamuru; mke alirudia kila amri kwa sauti kabla ya kuitii, kama ilivyokuwa desturi yao.

Katikati ya ziwa dhoruba ilimvunja mume bawa. Wakatua majini, kapu likaanza kujaa.

“Niache, uruke!” mume aliamuru.

“Nikuache, niruke,” mke alirudia. Kwa mara ya kwanza hakutii. Alilisukuma kapu, mumewe ameliegemea, hadi liliposhika matete ya ng’ambo. Hapo nguvu zikamwishia, akazama.

Asubuhi panya walimsihi mume, “Mzee, pumzika kwanza.”

“Mke wangu alitaka mfike kwenu,” Korongo alijibu, akawasindikiza kwa miguu.