Beseni la Kijani

Siku ya kumi na tisa bila pombe, Kitwana alirudi mchana kutoka kazini, hoi kwa kubeba matofali, akajitupa kitandani na viatu vyake. Kabla usingizi haujamchukua, akasikia mlango ukifunguliwa.

Zawena, binti yake wa miaka minane, akamvua viatu taratibu. Akamsukuma bega mpaka akalala kiubavu, akamwekea mto mgongoni, kisha akasogeza beseni la kijani karibu na mdomo wake.

"Dada, baba kalewa tena?" akauliza Chiku, mdogo wake.

"Sijui. Ila akilala chali atapaliwa na matapishi. Nikiwa shule, na wewe fanya hivihivi. Umeona?"

"Mbona hanuki?"

"We Chiku, funga domo, utamwamsha!"

Kitwana alitaka kusema, "Mwanangu, leo nimechoka tu." Lakini jamani, mikono ile midogo ilivyoizoea kazi! Ilijifunzia kwake yeye. Akazidi kuyafumba macho kwa aibu.

Zawena akainama, akamnusa pumzi. Akanusa tena. Kisha akakaa sakafuni pale pale, mkono ukingoni mwa beseni, halisogezi wala haliondoi.