Kikohozi cha Jumanne

Mtoto hakukohoa hata mara moja, lakini mama yake alishikilia kwamba anakohoa.

"Tangu juzi, sista," alisema, huku akimvua binti yake gauni. Akamvua na fulana ya ndani. Wala hakuwa ameambiwa.

Muuguzi wa chumba namba tatu, ambaye watoto walimwita Mama Sindano, alimsikiliza yule binti kifua. Kilikuwa safi kabisa. Lakini mgongoni, chini kidogo ya bega, kulikuwa na michirizi miwili iliyovilia damu, upana wa mkanda.

"Hapa ameumizwa na nini?"

Mama alitupa jicho mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. "Alianguka."

Hiyo ilikuwa Jumanne ya tatu mfululizo. Ya kwanza alama ilikuwa mkononi, ya pili pajani, na kila mara ugonjwa ni kikohozi. Chumba namba nne hakikuwa na foleni, lakini yule mama alikaa kwenye benchi saa nzima akisubiri namba tatu. Akishataja kikohozi, haongei zaidi. Anamkodolea muuguzi macho tu, macho makavu, yasiyopepesa. Hata nyumbani, akikatakata vitunguu, Mama Sindano aliyaona macho yale.

Mume wa yule mama alikuwa mtu wa watu. Alibaki nje ya mlango na mkoba wa mtoto begani, akiwapisha wazee wakae. "Pole na kazi, sista," alisema kila walipotoka. "Mungu akuzidishie nguvu."

Muuguzi alimwonea huruma. Mwanaume mpole vile, na mke mwenye mkono mzito namna ile!

Mchana alimfuata Sista Mkuu ofisini. "Nataka fomu ya ustawi wa jamii. Kuna mtoto anapigwa."

"Una uhakika?"

"Sina. Nina shaka."

Sista Mkuu akavua miwani. "Shaka ndiyo iliyomponza mwenzetu wa wodi ya wazazi. Aliripoti, jina lake likavuja, baba wa mtoto akamvizia getini wiki nzima. Na mtoto mwenyewe akarudishwa nyumbani siku ileile. Watoto wanaanguka, mwenzangu. Nenda, foleni yako imefika getini."

Kwa miaka kumi na tisa maneno kama hayo yalimtosha. Safari hii hayakumtosha. Alirudi chumbani na fomu, akafunga mlango, akaijaza. Penye "anayeshukiwa" aliandika: mama. Chini akaweka jina lake kamili, herufi kubwa.

Kesho yake ofisa wa ustawi wa jamii alikwenda kwenye ile nyumba, akazungumza na mtoto peke yake. Jioni akapiga simu.

"Umefanya la maana kuandika, sista. Ila si mama. Ni baba. Na sasa hivi yuko ndani."

Simu ilikatika. Muuguzi aliendelea kuishikilia sikioni.

Jumanne iliyofuata mama alikuja na mtoto. Mlangoni hapakuwa na mtu. Muuguzi alisimama kabla hajasalimiwa.

"Nisamehe, mama. Nilikuandika wewe."

"Najua. Walinisomea." Sauti yake haikuwa na hasira. "Ahsante kwa kuandika."

"Mbona hukuniambia tu?"

"Angenisikia. Kila neno alikuwa analisikia pale. Ndiyo maana nilimvua nguo, uone mwenyewe."

Mtoto alikuwa amechuchumaa sakafuni, akirukisha kidole kutoka kigae hadi kigae. Muuguzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi pumzi ikamshuka vizuri. Alijisikia mwepesi. Hata fahari kidogo ilimpanda.

"Bahati yako ulinipata mimi," alisema, akitabasamu. "Wengi humu ndani wangefumba macho."

Mama alimtazama kwa macho yaleyale makavu.

"Haikuwa bahati, sista. Hata dada yake nilimleta kwako, chumba hikihiki, Jumanne tano, ukampa dawa ya kikohozi tu. Ya sita tukamzika."