Aliyeunga Waya za Njano

Panya ndiye aliyekula waya, hilo fundi aliliona mara tu alipong'oa siti. Kilichomuudhi ni zile ambazo panya aliziacha.

Pikipiki ilikuwa kuukuu iliyopakwa rangi mpya ya buluu. Mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa ameisukuma hadi mlangoni mwa karakana huku jasho likimtiririka, na kusaidiwa hakutaka. Betri haichaji, alisema. Fundi akapima kwa mita. Injini imezimwa, volti kumi na mbili. Injini inanguruma, kumi na mbili zile zile. Umeme ulikuwa unatoka kwenye injini lakini betri haiupati. Akazifuata waya tatu za njano kwa kidole mpaka akakuta mbili zimetafunwa, shaba iko nje.

Shibiri moja mbele yake palikuwa na viungo vya zamani. Mtu alikuwa ameziunga waya zile moja moja kwa lehemu nyembamba, akavipishanisha viungo ili visigusane, kisha akavifunga kwa uzi uliopakwa nta. Fundi alivuta kimoja kwa plaizi. Hakikutoka. Akavuta kwa nguvu zaidi, plaizi ndiyo ikateleza.

Moyo wake ukaingia doa. Mtaa mzima ulikuwa na mafundi pikipiki wawili tu. Yeye, tangu zile siku wateja walipokuwa wanapanga foleni, alikuwa amezoea kusokota waya, kuzungushia tepu, na kuita, "Mwingine!" Wa lehemu na uzi alikuwa yule wa ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Dokta.

Dokta! Mtu aliyefundishwa kushika plaizi na yeye mwenyewe, hapa hapa, kwenye sakafu hii. Sasa foleni yote ilikuwa imevuka barabara. Na juzi fundi viatu wa jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba mkewe ameonekana kule na redio ya nyumbani chini ya kwapa. Mke wa fundi, anapeleka redio kwa fundi mwingine! Alipomuuliza, mkewe alijibu bila kuacha kukunja nguo, "Nilitaka ipone, baba." Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

"Aliyeziunga hizo," mama aliuliza, "ni fundi kweli?"

"Kwa nini, mama?"

Akamweleza. Alikuwa anatoka chuo cha ufundi. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa umeme wa pikipiki, ajira ya kudumu, na yeye akamkumbuka mtu aliyemtengenezea waya zile zamani.

"Yupo mtaa huu huu," alisema. "Lakini mimi ni karani tu, waya sizijui. Nimeambiwa nipate kwanza neno la fundi anayezijua. Utakachosema nitakiandika kama kilivyo."

Alitoa karatasi yenye mhuri. Hakuwa anaangalia waya hata kidogo, alikuwa anamwangalia fundi usoni.

Fundi alipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Magoti yake yalikuwa yameanza kumlalamikia kila asubuhi. Kazi ya namna hiyo, ya kusimama kwenye kivuli na chaki mkononi, angeipokea hata leo na kushukuru. Na inakwenda kwa nani? Kwa Dokta. Akilini alimwona amevaa koti jeupe, wanafunzi wakisimama anapoingia. Kisha akamwona mkewe anapelekewa habari hiyo, na hapo wivu ukamkaba kabisa.

"Nikuambie ukweli, mama?"

"Ndiyo nilichofuata."

"Huyu ni mbabaishaji. Uzi kwenye waya! Huo ni ufundi cherehani, mama yangu. Shukuru Mungu hujaungua na chombo chako."

Akavikata viungo vyote vitatu. Havikukatika kirahisi, ilibidi ashike plaizi kwa mikono miwili. Akaweka waya mpya, akasokota, akazungusha tepu, akawasha. Mita ikasoma kumi na nne.

"Umeona?"

Mama aliokota kiungo kimoja sakafuni, akakivuta huku na huku. "Mbona hiki bado kimeshika?"

"Bahati tu."

"Fundi, una uhakika? Mimi nikishaandika sirudi nyuma. Mtu anaweza kukosa riziki yake hapa."

Ng'ambo ya barabara Dokta alikuwa anacheka na mteja, ameegemea mlango wake kama mwenye mtaa. Pengine walikuwa wanaongea habari za mpira. Fundi aliona wanamcheka yeye.

"Andika," alisema. "Andika kwamba mtu huyu hafai kufundisha hata mbuzi."

Mama akaandika, taratibu, akamsomea neno kwa neno, pamoja na mbuzi wake. Akampa kalamu. Fundi alitia sahihi kubwa yenye mkia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio akajisikia mwepesi. Hata njaa ilimjia.

Mama alikunja karatasi, akaitia mkobani, akavua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka.

"Mimi niliwaambia wenzangu nije nikuchukue moja kwa moja," alisema. "Wakanikatalia. Walisema fundi akijua viungo ni vyake mwenyewe, atavisifu tu."