Kijani cha Kwenye Picha

"Mataifa yote na yasikie: msitu wetu umerudi!" Ndivyo mpima misitu Shemdoe alivyotangaza baada ya kuona kijani kwenye picha ya setilaiti, bila hata kuinuka kitini.

Leo, alipokuja kuhakiki, alipigishwa magoti katikati ya kijani hicho, sikio lake la kushoto limeanguka chini ya mibangi mirefu.

"Hapa ni wapi, mjomba?" aliuliza mwenye shamba, panga likichuruzika damu.

"Msituni, mkubwa. Msitu wa asili kabisa."

"Waambie wenzako hivyo hivyo." Akambandika simu yake ya upepo mdomoni.

Shemdoe alilitazama sikio lake. Siafu walikwisha kulifikia.

"Si msitu," akakiri kwenye simu. "Ni bangi. Nilitangaza bila kufika."

Panga likainuka, likameta juani.