Mlango wa Upande Wangu

Kitambaa kilinata kwenye plastiki ya ndani ya mlango, na nilipokivuta kikaacha nyuzi pale. Gari lenyewe limemzidi umri binti yangu, na Jumamosi ndilo litakalompeleka kuolewa.

"Baba, gauni likigusa hapo, kwisha habari yangu."

"Walaumu wenye kiwanda. Wakubwa wanajua itayeyuka, wanatuuzia hivyo hivyo."

"Wewe na wakubwa wako." Akazunguka na beseni la maji ya sabuni mpaka mlango wa pili, upande aliokuwa akikaa mama yake. Akabandika kiganja, akakibandua bila shida.

"Huku kukavu. Gari moja, kiwanda kimoja. Huko kwako ulipaka nini?"

Mafuta ya mgando. Kila Jumapili, ili ing'ae. Marehemu alinikataza kugusa upande wake. Yeye alifuta kwa maji tu, basi.

Nilisugua. Uchafu wa kahawia ukatoka kama gundi, ukanijaa chini ya kucha.

Miaka sita nimewaambia watu kwamba hospitali ndiyo iliyomuua, kwa kutuweka getini tukingoja mkubwa mmoja atie sahihi. Getini tulikaa, kweli. Lakini Jumapili ile asubuhi alisimama hapa nilipo, ameshika tumbo, akasema twende. Nami nilikuwa na kopo la mafuta mkononi. Nikamwambia ngoja nimalize mlango huu.

Binti yangu alikuwa bado anangoja jibu.

"Mwanangu," nikasema, "weka beseni chini."