Maikrofoni ya Shingoni

Siku hizo maikrofoni za bendi hazikuwa na waya wala hazikushikwa mkononi. Zilivaliwa shingoni, zikalidaka neno likiwa bado kooni. Kobelo, kiongozi wa bendi moja ya Morogoro, alipokwenda dukani kuchagua, muuzaji alimwekea aina mbili mezani.

"Hii inasubiri mpaka ufungue mdomo," alisema yule dada, "ila sauti inachelewa kidogo. Hii nyingine haichelewi, lakini inaweza kutoa hata usichokusudia kusema."

Kobelo alichukua isiyochelewa. Muziki hausubiri mtu, alisema.

Jumamosi walipiga harusini. Binti yake, Tekla, aliimba peke yake kwa mara ya kwanza, na Kobelo akasimama nyuma yake na gitaa, maikrofoni shingoni, mdomo kaufumba. Katikati ya ubeti, sauti ya Kobelo ikajaa ukumbi mzima: "Huyu hana sauti. Nimembeba tu kwa kuwa ni mwanangu."

Baadhi ya wageni walicheka. Tekla alimaliza wimbo bila kugeuka. Kobelo aliendelea kupiga gitaa huku uso ukimwaka kwa aibu, asijue pa kuangalia.

Asubuhi alimkuta Tekla jikoni akichuja chai.

"Mwanangu, nisamehe. Unaimba vizuri, kweli tena."

Tekla aliweka chujio chini, akaingia chumbani, akarudi na ile maikrofoni. Akaiweka mbele ya baba yake.

"Ivae kwanza, baba, halafu useme tena."

Kobelo aliinua mkono, akaugusa mkanda wa maikrofoni. Kisha akainamisha uso, akaomba sukari.